Ushauri: paka anajikuna mpaka vidonda, na mfuko ni mdogo (Mtwara mjini)

Nyau wa Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Nina paka jike wa kienyeji, umri kama mwaka mmoja na nusu, uzito kilo 3, hana mimba. Tangu mvua zianze anajikuna na kujilamba usiku na mchana. Manyoya yamepukutika kiunoni karibu na shina la mkia na nyuma ya mapaja. Ukimpapasa mgongoni unakutana na vigaga vidogo vidogo ambavyo huvioni mpaka ufunue manyoya. Anakula dagaa wa kuchemsha, vichwa vya samaki na ugali kidogo. Ndani sakafu ni ya saruji, uani mchanga, na kuna banda la kuku ambako naye hupenda kujilaza mchana.

Nina shilingi 25,000 mwezi huu, haziongezeki. Muuza duka ameniambia nimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jirani anasema salfa ya mikorosho inatosha, na ipo ndani. Nianze na lipi?

Tabibu wa Wanyama

Usianze na lolote kati ya hayo mawili, tafadhali sana.

Soma lebo ya hiyo dawa ya ng'ombe. Mara nyingi utakuta Cypermethrin, Deltamethrin au Amitraz. Ini la paka haliwezi kuvunja dawa za jamii ya permethrin (hizo mbili za kwanza zimo) kama linavyoweza la mbwa au ng'ombe, kwa hiyo sumu inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Paka anaanza kutetemeka masikio na ngozi, anatoa mate, anayumba, kisha degedege. Amitraz nayo humlegeza na kushusha mapigo ya moyo. Tena paka hujilamba, kwa hiyo ulichompaka mgongoni atakimeza chote. Tahadhari hiyohiyo ishike kwa dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin na viuadudu vya kupulizia mikorosho.

Salfa ya mikorosho ni ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Haiui viroboto. Unga wake unachoma macho na njia ya hewa, na kwenye ngozi yenye vidonda unaongeza muwasho. Zipo dawa za ngozi zenye salfa ambazo madaktari hutumia kwa upele, lakini hizo zimetengenezwa kwa kipimo chake.

Kama ulishampaka chochote, mwogeshe sasa hivi kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, suuza vizuri, mkaushe, umpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama bado hajatetemeka.

Msangamkuu

Mzio huo unatoka kwa dagaa. Mbadilishie chakula tu, habari itaisha.

Tabibu wa Wanyama

Mkuu Msangamkuu, samaki ni kweli wamo kwenye orodha ya vyakula vinavyoleta mzio kwa paka, pamoja na nyama ya ng'ombe na kuku. Lakini angalia sehemu zilizoathirika. Mzio wa chakula mara nyingi huanzia kichwani: uso, masikio, shingo, wakati mwingine na kutapika au kuharisha. Huyu ameshikwa kiunoni na mapajani. Hapo mshukiwa wa kwanza ni kiroboto. Kujaribu chakula kunachukua wiki 8 na kunakula fedha, kwa hiyo kunafuata baada ya viroboto kuondolewa. Ukifanya vyote kwa pamoja, akipona hutajua kilichomponya.

Paka mwenye mzio wa viroboto anawashwa na mate ya kiroboto, siyo na wingi wao. Kuumwa mara chache kunatosha kumkunisha wiki nzima au zaidi. Ndiyo maana mtu hufunua manyoya, haoni kiroboto hata mmoja, akasema hakuna. Paka anayejilamba sana huwameza kabla hujawaona.

Kipimo chake hakina gharama. Tandika karatasi nyeupe au kitambaa cheupe kilicholowa maji, msimamishe paka juu yake, msugue manyoya ya kiunoni kinyume na yalivyolala. Vitakavyodondoka viache dakika chache. Uchafu wa kawaida utabaki mweusi. Kinyesi cha kiroboto kitatoa mduara wa rangi ya kutu, kwa sababu ni damu iliyosagwa.

Nyau wa Chikongola

Ahsante sana daktari. Nimefanya hivyo, karatasi imejaa madoa ya kutu. Halafu nimeona kwenye kingo za masikio kuna vidoa vyeusi vimeganda, ukivigusa havisogei. Ni kupe?

Bi Nachingwea

Hao siyo kupe, dada. Ni viroboto wa kuku. Tofauti na viroboto wa paka, jike lao huzamisha mdomo kwenye ngozi na kubaki palepale kwa siku nyingi, hasa penye manyoya machache: kingo za masikio na kuzunguka macho. Anawapata humo bandani anamojilaza. Paka Vaseline nyepesi juu yao, usiku mmoja tu, wanakosa hewa. Kesho yake watoe kwa kibanio kimoja kimoja, ukivuta taratibu ngozi isichanike. Karibu na jicho tumia pamba na uvumilivu, usiingize kibanio.

Kisha banda. Toa matandiko yote yateketezwe, fagia mpaka kwenye nyufa za mbao, mwaga maji ya moto, acha likauke kwa jua kabla ya kuweka matandiko mapya. Rudia kila wiki kwa mwezi. Na paka asiingie tena humo, weka wavu mlangoni.

Mikindani Pwani

Kuhusu fedha. Kwa 25,000 kitu cha kwanza ni dawa ya matone ya kudondoshea shingoni, iliyoandikwa ni ya paka, yenye fipronil au selamectin. Pipeti, yaani kichupa chake kidogo cha kudondoshea, ya fipronil ya paka ina 0.5 ml. Kama maduka ya mifugo ya hapo mjini hayana, mwombe mwenye duka akuagizie Dar es Salaam, mzigo unashuka kwa basi. Funua manyoya chini ya kisogo mpaka uone ngozi, dondosha kwenye ngozi yenyewe. Ukidondosha juu ya manyoya umeitupa. Usimwogeshe siku 2 kabla wala siku 2 baada. Kila mwezi pipeti moja. Na mwenye sungura nyumbani asijaribu kumwekea fipronil, inamuua.

Inayobaki nunua chanuo cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana. Weka bakuli la maji yenye sabuni pembeni, mchane kila siku shingoni, mgongoni na shina la mkia, kila ukipitisha chovya. Bila sabuni kiroboto anaelea na kuruka tena.

Kama dawa haijafika, mwogeshe. Beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni. Anza na pete ya povu shingoni ndipo ushuke mgongoni, maana viroboto wakihisi maji hukimbilia usoni. Acha povu dakika 5, suuza mpaka manyoya yasiteleze. Usizidishe mara moja kwa wiki, ngozi ikikauka atajikuna zaidi. Usitie Dettol, mafuta ya taa, wala mafuta ya mwarobaini. Mafuta ya nazi kidogo kwenye ngozi iliyokauka hayana neno, ila hayaui kiroboto.

Tabibu wa Wanyama

Naongezea la nyumba, maana hapa ndipo wengi hushindwa na kusema dawa ni feki. Kiroboto jike hutaga mpaka mayai 40 au 50 kwa siku, na hayakai kwenye paka, yanadondoka anapolala. Mabuu yanajificha kwenye vumbi, nyufa na mchanga wa kivulini, kisha yanajifunga kwenye vifuko ambavyo dawa haipenyi. Humo kiroboto anaweza kukaa miezi, akihisi mtikisiko na joto la mnyama anatoka. Kwa joto na unyevu wa huku, hasa kati ya Novemba na Aprili, mzunguko mzima unaweza kukamilika kwa wiki 3. Ndiyo sababu ya kuendelea na matone miezi 3 mfululizo hata kama mwezi wa kwanza amepata nafuu.

Mpe sehemu moja ya kulala, kanga kuukuu inatosha. Ifue kwa maji ya moto kila wiki na kuianika juani. Fagia chini ya vitanda na makochi, taka zichomwe. Uani ondoa majani makavu kwenye kivuli alipozoea kulala ili jua lifike, mabuu hayastahimili jua na ukavu. Usiku weka sahani ya maji yenye sabuni sakafuni chini ya taa: viroboto wanarukia mwanga na kuzama. Sahani haimalizi viroboto, lakini inakuonyesha kama wanapungua. Ukitumia dawa ya kopo ya kupuliza wadudu, paka atoke nje na asirudi mpaka sakafu ikauke kabisa na hewa ipite.

Wanyama wote wenye manyoya wa hapo nyumbani watibiwe siku moja, kila mmoja kwa dawa yake.

Nyau wa Chikongola

Nimeelewa. Je, wakati nasubiri dawa kutoka Dar, naweza kumpa Piriton? Na Panadol ya vidonda?

Tabibu wa Wanyama

Panadol hapana, hata robo. Paracetamol inaharibu damu ya paka isibebe hewa. Ufizi unageuka kijivu au kahawia, uso unavimba, anakufa. Diclofenac, ibuprofen na aspirini nazo usimpe.

Piriton, yaani chlorpheniramine ya 4 mg, hutumika. Kwa paka mzima wa kilo 3 hadi 5 ni nusu kidonge, 2 mg, kila baada ya saa 12. Hakikisha ni chlorpheniramine tupu. Dawa nyingi za mafua zimeichanganya na paracetamol, na hapo ndipo ajali hutokea. Kidonge ni kichungu, akikionja atatoa povu jingi; hilo povu ni la uchungu. Kifiche katikati ya kipande cha nyama. Atasinzia kidogo. Ieleweke tu kwamba inawasaidia baadhi ya paka, siyo wote. Ukiona wiki 2 hakuna tofauti, iache. Mwenye ugonjwa wa mkojo kuziba asipewe. Mpigie daktari wa mifugo kabla ya kuanza, simu haina gharama kubwa.

Muwasho ukiwa mkali mno, daktari anaweza kumpa prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza muwasho, kwa siku chache kisha akapunguza polepole. Hiyo usijipimie. Ikitumika ovyo inaleta kisukari na kufungulia maambukizi, na kuikatisha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu kuna madhara.

Vidonda safisha mara 2 kwa siku: kijiko 1 cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kata ncha za kucha tu, ile sehemu nyeupe. Ya waridi ina mshipa wa damu. Akiendelea kujilamba, mvalishe mkono wa fulana ya zamani uliotobolewa matundu mawili ya miguu ya mbele, umvue mara kwa mara kwa sababu ya joto.

Mikindani Pwani

Angalia pia nyuma, kwenye mkundu. Ukiona vipande vyeupe vidogo vinavyotembea, ni minyoo ya tegu aliyoipata kwa kumeza viroboto. Dawa yake ni praziquantel, lakini vile vidonge vya kichocho vya 600 mg usivikate. Paka wa kilo 3 anahitaji kama 15 mg, huwezi kuipata sawasawa kwa kisu. Nunua ya paka.

Msangamkuu

Sawa, nimekubali kuhusu viroboto. Wakiisha na bado anajikuna? Hapo chakula kinajaribiwaje kwa mtu wa kipato cha chini?

Bi Nachingwea

Chagua nyama moja ambayo hajawahi kula. Kwa paka wa pwani aliyelelewa kwa samaki, mbuzi au sungura. Paka wa kilo 3 anatosheka na gramu 150 hivi kwa siku. Chukua nyama ya vipande vya bei nafuu na moyo wa mbuzi, usiache moyo, una taurine ambayo paka akiikosa anapofuka na kuugua moyo. Chemsha bila chumvi, kitunguu wala viungo, na umpe na mchuzi wake kwa sababu taurine hutoka kwenye maji. Ini lisiwe kila siku.

Badilisha polepole kwa siku 5 hadi 7. Akigoma kula siku nzima mrudishie cha zamani ujaribu tena, paka hatakiwi kukaa siku 2 bila kula. Jaribio ni wiki 8 kamili, bila dagaa, bila kulamba sahani, na afungiwe ndani, maana paka anayekwenda kwa jirani au kuwinda mijusi analiharibu jaribio bila wewe kujua. Akipona mrudishie samaki. Muwasho ukirudi ndani ya wiki 2, jibu umelipata. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo isiwe chakula cha maisha, na mtoto wa paka asifanyiwe jaribio hili nyumbani.

Na kama vidonda viko juu ya pua na ncha za masikio tu, wafikirie mbu. Mfungie ndani kwenye madirisha ya wavu kuanzia magharibi mpaka asubuhi. Mzio wa mbu hupungua ndani ya wiki moja hivi. Asipakwe dawa ya mbu ya watu.

Tabibu wa Wanyama

Mwisho kabisa, dada. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba, huenda ni choa, na hicho kinawaambukiza watoto ndani ya nyumba. Ukoko mzito kuanzia masikioni kuja usoni ni upele. Hizo mbili dawa zake ni tofauti na za viroboto, na zinathibitishwa kwa kukwangua ngozi. Usikubali sindano ya ivermectin ya ng'ombe kwa kukisia: ina 10 mg kwa kila ml, paka wa kilo 3 anahitaji chini ya sehemu ya kumi ya ml, na viroboto haiwamalizi. Anza kwa afisa mifugo wa kata akuelekeze kwa daktari, au uliza Wakala ya Maabara ya Veterinari hapo Mtwara kuhusu kipimo. Usisubiri mwisho wa mwezi kama vidonda vinatoa usaha, hali chakula, au ufizi umepauka, maana viroboto wengi humaliza damu ya paka mdogo.