Zamu mbili au tumalizie boma la darasa? Wazazi tujadili

Mbukwenyi wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi shule ya msingi huku kwetu, sitaitaja, ipo nje kidogo ya jiji la Dodoma upande wa Mtumba. Tumeletewa mambo mawili tuchague, ama la kwanza hadi la tatu waingie kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, ama kila mzazi atoe elfu 20 tumalizie boma ambalo limesimama kwenye lenta toka mwaka juzi.

Binti yangu yupo la pili. Mkondo wao wapo 126, na mwongozo wa serikali si unasema 45? Dawati moja wanabanana wanne, yeye kwa udogo wake wanamsukumia pembeni kabisa, mguu mmoja nje, daftari anaandikia pajani. Juzi nimelifungua la hesabu, wiki tatu nzima hamna tiki hata moja, na simlaumu ticha maana madaftari 126 hata ukienda dakika moja moja hayo ni masaa mawili na ushee na bado hujala.

Tumefikaje hapa kila mtu anajua. 2016 ilianza elimu bila malipo watoto wakamiminika, jambo jema mi nalisifia kabisa, na mwaka huohuo serikali ikatangaza inahamia huku. Sensa ya 2012 Dodoma Mjini tulikuwa laki 4 na kidogo, ya 2022 tukakutwa zaidi ya laki 7 na nusu. Mi ni fundi, ugali wangu unatoka humohumo, nimejenga Ihumwa, nimejenga Nzuguni, sasa hivi nipo Nala, na kila nyumba ninayopaua najua kuna watoto watatu wanne wanakuja, ila mtaani kwangu shule ni ileile moja.

Mi nipo upande wa boma. Mnaijua Dodoma ya mwezi wa kumi saa nane mchana? Mtoto wa miaka 8 chini ya bati lisilo na dari atasikia nini. Halafu anatoka saa kumi na moja avuke korongo, na asubuhi yote kabaki na nani wakati mama yuko gengeni. Na zamu za "muda tu" huwa haziishi.

Boma lenyewe nimepanda kulikagua, kozi za juu zimeanza kulegea kwa mvua, tofali za kuchoma zile, likipigwa msimu mwingine tutabomoa badala ya kupaua. Ila hiyo elfu 20 iandikwe ukutani ni bati ngapi na mbao ngapi, sitaki kusikia "mchango wa maendeleo".

Mzazi mwingine: Elimu bila malipo alafu elfu 20 😂 Januari 2018 si Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni? Nina watoto watatu hapo, hiyo ni elfu 60 ama? Yale madarasa ya hela za UVIKO, milioni 20 kila moja, mengi yakaenda sekondari, msingi tukabaki tunatazama. Mi sitoi.

Ticha, shule ya jirani: Mnapigania kuta. Hao 126 mkiwagawa vyumba viwili, cha pili anaingia nani? Kwangu la kwanza na la pili tupo wawili tu. Na zamu ni hivyohivyo, mtu aliyefundisha asubuhi ndo huyohuyo mchana, koo limekauka. Lakini kama ni lazima nichague, bora zamu, watoto 60 nawajua majina na nani hajui kusoma, 126 najua wale wa mbele na wale watundu basi.

Mleta mada: Ticha hapo kwenye majina umenipata, hilo sikulifikiria. Ila bila chumba hata hao vijana waliomaliza ualimu wanaoendesha boda hapa stendi, wakija kujitolea, tutawaweka chini ya mti gani? Na wewe mzazi mwenzangu, mwenye watatu atoe kwa mmoja, hilo nitalisema kikaoni, na kama huna hela njoo ubebe maji, tulivyofanya msaragambo wa msingi hatukuulizana risiti.

Mi natoa elfu 20 na siku tatu za ufundi bure. Mwenye mbao za jukwaa za kuazima aseme hapahapa, zangu zipo saiti Nala.