MALALAMIKO: Kampuni ya safari za jahazi Lamu ilituuzia Takwa na Siyu saa za maji kupwa, sasa inasingizia hali ya hewa

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wote hamjambo.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Kampuni moja ya safari za starehe baharini, yenye ofisi yake mjini Lamu, ilituuzia mimi na mke wangu safari ya jahazi ya siku tatu katika visiwa vya Lamu. Ikatupangia kuzuru mahali pawili ambapo chombo hakiwezi kuingia maji yakiwa yamekupwa, ikapanga tufike huko saa zile zile ambazo maji huwa yamekupwa, na baada ya kutukosesha yote mawili inakataa kurudisha hata shilingi moja, kwa madai kwamba kilichotuzuia ni hali ya hewa. Jina la kampuni silitaji hapa kwa sababu nimekwisha kuwasilisha malalamiko rasmi na nataka yasikilizwe kwanza. Mambo yenyewe, hata hivyo, nitayaeleza yote.

Sisi ni wakazi wa Malindi. Tangu tufunge ndoa hatukuwahi kwenda likizo pamoja, kwa kuwa kila akiba iliyopatikana ilikwenda kwenye karo au kwenye paa la nyumba. Mke wangu ni mwalimu wa historia, na kwa miaka amekuwa akiwafundisha watoto wa watu habari za Takwa, Pate na Siyu, miji ya kale ya visiwa hivyo, bila kuwahi kuiona kwa macho yake. Tangazo la kampuni hii lilipotufikia tulikuwa hatujapata kuisikia popote, wala hapa Malindi hakuna tuliyemuuliza aliyekuwa ameijua, lakini lilitaja magofu ya Takwa, ngome ya Siyu na kulala Kiwayu, likaahidi chumba cha faragha kwa kila wanandoa na safari ya tanga kama walivyosafiri wazee wetu. Bei kwa watu wawili ilikuwa shilingi 96,000, viingilio vyote na ada ya hifadhi zikiwemo ndani yake. Tulitanguliza arubuni ya nusu, na salio tukalimaliza kabla ya kuondoka Malindi, kwa kuwa ndiyo masharti waliyotupa.

Naomba jambo hili lishikwe vizuri, maana kampuni imejaribu kulipindua: ratiba yenye saa hatukuonyeshwa kabla ya kulipa. Tangazo lilikuwa na majina ya mahali tu. Karatasi ya saa tulikabidhiwa gatini Lamu asubuhi ya safari, mizigo yetu ikiwa imekwisha kupakiwa. Mke wangu aliisoma akanipa, nami nilipoona imeandikwa Takwa saa nne asubuhi siku ya kwanza, na Siyu saa nne asubuhi siku ya pili, nilimwita msimamizi wa kampuni aliyekuja kutuaga nikamwambia kwamba mwezi umeandama juzi na kwamba saa nne hapatakuwa na maji. Alinijibu, "Kaka, wewe starehe tu, vijana wetu wanajua kazi." Akashuka, chombo kikang'oa nanga.

Kwa wasiokulia pwani nitaeleza, kwa sababu hapa ndipo lilipo shauri lote. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katika siku hizo hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kwa muda usiofika saa moja. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, saa nne hiyo hiyo ikawa ni saa ya maji kujaa, ingawa si kwa kimo kile. Maana yake ni kwamba ratiba inayosema "saa nne asubuhi" yaweza kufaa wiki hii na ikawa haifai kabisa wiki ijayo, na mtu anayeuza safari za bahari akitumia karatasi moja kwa mwaka mzima anajua, au ana wajibu wa kujua, kwamba nusu ya wateja wake anawauzia kitu ambacho hawatakiona. Takwa, kwa upande wa ndani wa kisiwa cha Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mkono huo maji yakitoka hubaki tope. Siyu, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, ni hivyo hivyo. Hii si siri ya wataalamu. Boti za abiria ziendazo Pate hupanga saa zake kwa kufuata maji, na majedwali ya maji kujaa na kupwa huchapishwa kabla mwaka haujaanza.

Yaliyotokea yalikuwa kama nilivyosema. Tulifika kwenye mlango wa mikoko ya Takwa saa nne na dakika chache. Mbele yetu palikuwa na tope jeusi linalong'aa, mizizi ya mikoko imesimama juu hewani, na kaa wadogo wakikimbia pale ambapo chombo kilitakiwa kupita. Mfereji wa maji uliobaki katikati haukumfika mtu magotini. Tulikaa pale juani muda mrefu, kisha tukaambiwa Takwa tutaiona siku ya kurudi.

Siku ya pili, mbele ya Siyu, tulikuta tope lile lile. Hapo nahodha, mzee mmoja wa Lamu ambaye sina lawama naye hata chembe, alikuja akakaa karibu na mke wangu, akamwambia kwa upole kwamba tukisubiri hadi alasiri maji yatapanda na mashua ndogo itatufikisha mpaka mjini. Mke wangu alifurahi kama mtoto wa siku ya Idi. Mzee akapiga simu ofisini kuwaarifu, na kwa kuwa injini ilikuwa ikinguruma aliiweka simu kwenye kipaza sauti, hivyo sote tukasikia. Sauti ya msimamizi yule yule ilimwamuru aendelee Kiwayu mara moja kwa sababu mafuta yamepigiwa hesabu na hakuna nafasi ya kusubiri. Mzee akajibu kwamba wageni wamelipia Siyu. Akaambiwa afuate karatasi. Alipokata simu alinitazama akasema, "Mwanangu, mimi nimewaambia tangu mwanzo. Mai hayaandami karatasi," yaani maji hayafuati karatasi. Neno hilo nimelinukuu katika malalamiko yangu rasmi, pamoja na saa ya simu yenyewe, na abiria wengine waliolisikia wamekubali kulithibitisha.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniumiza zaidi. Tulirudi kwa upepo wa nyuma, tukapita karibu na Manda saa kumi alasiri, maji yakiwa yamepanda mpaka kwenye majani ya mikoko. Takwa ilikuwa palepale, na nahodha alisema anaweza kuingia. Simu ikapigwa tena, jibu likaja tena: chombo kirudi gatini kisafishwe kwa ajili ya wageni wa kesho. Mke wangu, ambaye amesimama mbele ya ubao mwaka baada ya mwaka akichora kaburi la nguzo la Takwa kwa chaki, alipitishwa mbele ya mlango wa Takwa, maji yakiwa yamejaa na kiingilio chake kikiwa kimelipwa, akanyimwa ili sakafu ya chombo ipigwe deki.

Sasa jibu la kampuni. Wameniandikia kwamba masharti yao yanasema hawatawajibika kwa mabadiliko yanayotokana na hali ya hewa. Nimewauliza ni hali gani ya hewa na hawajanijibu. Siku zote tatu mbingu ilikuwa nyeupe, kaskazi ilivuma kwa kawaida yake ya Januari, na hatukukutana na tone la mvua. Mashua za wavuvi zilitoka na kurudi mbele ya macho yetu. Kujaa na kupwa kwa maji si tufani. Ni jambo linalojulikana siku na saa yake mwaka mzima kabla halijatokea, na kuliita hali ya hewa ili kukwepa deni ni uongo ulioandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni.

Na kaskazi nayo wameisahau. Waliahidi safari ya tanga kwenda Kiwayu mwezi wa Januari. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, nayo ndiyo inayotawala pwani hii kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa Machi. Chombo kinachoelekea Kiwayu kutoka Lamu katika miezi hiyo kinakwenda dhidi ya upepo, na kama ni kwa tanga lazima kipige bisho, yaani kiende mshazari huku na huku kuukata upepo, njia nzima, jambo lisilowezekana kwa muda walioupanga. Kwa hiyo kwenda kote kulikuwa ni kwa injini, tanga limefungwa kwenye foromali, ule mti unaolibeba, na moshi wa dizeli ukiingia moja kwa moja mahali walipokiita chumba chetu cha faragha. Chumba chenyewe kilikuwa ni godoro lililolazwa tezini, nyuma ya chombo, limezungushiwa pazia la kitambaa lililofungwa kwa kamba, huku ubao mwembamba ukitutenganisha na injini. Mabaharia walipokuwa wakipita usiku kwenda kuangalia nanga iliwabidi waruke miguu yetu, na walikuwa wakituomba radhi kila mara, masikini, kana kwamba kosa ni lao. Chakula kilikuwa kizuri. Mpishi alijitahidi na samaki alikuwa fresh kutoka majini.

Yapo mawili mengine ambayo si ya starehe. La kwanza ni ada. Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979, na ada yake ilikuwa ndani ya bei tuliyolipa. Hata hivyo mfanyakazi wa kampuni alituzungukia jioni akidai shilingi 2,000 kwa kila wawili, taslimu, akisema ni agizo la ofisi. Nimeomba risiti tangu siku hiyo na sijaletewa. La pili ni jaketi za kuokoa maisha. Niliposisitiza zitolewe, zilitolewa chini ya magunia ya mkaa, zikawa pungufu kuliko watu waliokuwamo chomboni. Ile aliyopewa mke wangu ilikuwa imevunjika kifungo na imeshikizwa kwa kamba ya katani. Nimeipiga picha pamoja na mkono wangu ukiifungua kwa kuivuta mara moja. Mwenye kuchukua watu wenye watoto kwenda bahari ya Kiwayu katika hali hiyo hastahili kuachwa kwa onyo la maneno, na picha hiyo nimeipeleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya.

Walichonipa kama suluhisho ni punguzo la asilimia 20 kwa safari nyingine, itakayofanywa ndani ya miezi sita. Yaani niwaongezee fedha waliokataa kunitimizia nilichokwisha kulipia. Nimekataa kwa maandishi. Ninachodai ni hiki: fedha za viingilio vya Takwa na Siyu na sehemu ya nauli inayolingana nazo, tofauti ya bei kati ya chumba kilichoahidiwa na pazia tulilopewa, na shilingi 2,000 za ada iliyotozwa mara mbili. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa taarifa anazohitaji, na haki ya kufidiwa hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imekataza maelezo ya uongo katika biashara. Nimewapa siku kumi na nne za kujibu. Zikipita bila malipo nitafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya mwaka 2016 inailenga migogoro kama hii, ya kiasi kisichozidi shilingi milioni moja, na inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii nayo nimeiandikia kuuliza kama kampuni hii ina leseni, kwa kuwa nilipoiomba namba ya leseni hiyo ofisini Lamu niliambiwa mwenye funguo za kabati hayupo.

Ombi langu kwa wanajukwaa ni moja. Waliosafiri na kampuni ya jahazi Lamu wakapewa karatasi ya ratiba inayosema Takwa saa nne na Siyu saa nne, waitafute karatasi hiyo, waangalie tarehe waliyosafiri, kisha waniandikie ujumbe wa faragha wakiniambia kama waliingia au hawakuingia. Nikipata karatasi mbili tatu za tarehe tofauti zenye saa zile zile, kampuni haitaweza tena kumwambia hakimu kwamba lilikuwa jambo la siku moja. Waliokwisha kulipa arubuni na bado hawajasafiri, nawaomba waidai ratiba yenye saa leo hii, kabla ya kumaliza salio, wailinganishe na jedwali la maji la siku zao.

Majibu ya kampuni, yakija, nitayaweka hapa chini neno kwa neno.