Tor Browser ya kwenye flashi, niichukue au niiache?

mtoto_wa_ngamiani: Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Tanga hapa Ngamiani, toka mtandao wa X (Twitter ya zamani) ufungwe Mei 2025 nahangaika maana habari za kazi yangu nyingi nazipata kule. Nikarushiwa apu ya bure ya VPN, zile za kuzunguka kizuizi, kwenye grupu nikaiweka kwenye simu ya mama, siku haikuisha simu ikawa inatuma meseji yenyewe na salio linakatika, inaniuma mpaka leo. Sasa nataka Tor, ile brauza ya kufungulia saiti zilizozuiwa, kwenye laptopu ya Windows ila saiti yao kwa laini yangu inazunguka tu. Jamaa wa steshenari barabara ya 12 anayo kwenye flashi, niichukue?

dada_chumbageni: Pole mdogo wangu. Simu ya mama iflashi yote kwanza na abadili namba ya siri ya pesa leo leo, hayo mengine baadaye.

fundi_pongwe: Usiichukue hivihivi. Tuma imeili gettor@torproject.org, ndani andika windows tu, wanakujibu na linki za kwingine wanakoweka mafaili kama GitHub. Vuta na kile kifaili kinachoishia .asc, hiyo ndo sahihi yao ya kidijitali, halafu weka Gpg4win, mle ndani kuna Kleopatra ndo inakagua. Faili likiguswa hata kidogo sahihi inagoma. Kwa hiyo hata la jamaa linakaguliwa, cha muhimu siyo nani kakupa.

mtoto_wa_ngamiani: Shukrani kaka, na ufunguo wa kukagulia nao upo kwenye flashi ileile, unafaa?

fundi_pongwe: Hapana!! Hapo ndo watu wanapigwa, aliyechezea faili anashindwaje kukuwekea na ufunguo wake? Wa Tor Browser Developers utafute keys.openpgp.org, alama yake ya utambulisho inaishia 4E2C 6E87 9329 8290, na hata mimi usiniamini, linganisha herufi na namba zake zote na sehemu nyingine.

mzee_raskazone: Wanangu, someni na tangazo la TCRA (mamlaka ya mawasiliano) la Oktoba 2023 la kusajili VPN, mtu afanye kitu anakijua. Na intaneti ikizimwa yote hata Tor haisaidii, ila ikizuiwa Tor peke yake washa Snowflake, ile njia ya pembeni ya kuingilia Tor, kwenye setingi.

mtoto_wa_ngamiani: Asante kwa ushauri mzee wangu, nimesikia. GetTor wamejibu, linki ya GitHub imefunguka na bando limetosha, Kleopatra imekubali sahihi. Simu ya mama naiflashi usiku huu akishalala.