Yule mwalimu wa tenses kasimamisha darasa zima kumwombea babu yangu. SIRUDI TENA!

MabondoSafi (mleta uzi)

Wakuu, nimefika geto sasa hivi, hata viatu sijavua. Simtaji mtu jina kwa sababu nyie wote mnamjua. Yule mwalimu wa Kiingereza cha jioni, kaunda suti rangi ya ugoro, kalamu nyekundu tatu mfukoni na ya nne sikioni. Kile chumba chake kiko huko juu kwenye mawe, ukimaliza kupanda umeshasahau hata Kiswahili. Kama humjui huyo mtu basi wewe si mkazi wa Mwanza, ulikuwa unapita tu kwenda Bukoba.

Leo kasimamisha darasa zima kumwombea babu yangu. Babu yangu mimi! Aliyelala Ngudu tangu 1998, baada ya zile mvua za El Nino, kazikwa vizuri, ng'ombe wakachinjwa, matanga yakaanuliwa, mambo yakaisha.

Ilikuwa hivi. Wiki nzima tunaimba since na for. For ni urefu wa muda: miaka miwili, saa tatu. Since ni pale mambo yalipoanzia: Jumatatu, 2015, asubuhi. Hapo sina ugomvi. Kisha akaandika ubaoni kwa mkono wake mwenyewe, kwa chaki yake mwenyewe, akapigia na mstari: ukiona since, weka has been au have been, kitenzi kipe -ing, songa mbele. "I have been living in Mwanza since 2015." "She has been selling fish since morning." Tukakariri mpaka kuku wa jirani wakawa wanaitikia. Leo akasema kila mtu atunge sentensi moja ya mambo ya kwao nyumbani, aje aisome mbele.

Nikaenda. Shati nimechomekea. Nikasoma kwa sauti ya kiume: "My grandfather has been dying since 1998."

Since ipo. Has been ipo. Ing ipo. Alitaka nini tena, niweke na pilipili?

Yule mtu akavua miwani. Akanyamaza. Akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili darasani kwake ni faini: "Kijana, mzee anakata roho tangu 1998 na wewe umemwacha umekuja tuisheni?" Kisha akageukia darasa. "Wote tusimame dakika moja. Tumwombee mzee amalize salama."

WAKASIMAMA.

Watu wazima, wakuu! Yule dada wa duka la dawa ambaye huwa najitahidi kukaa karibu naye, kasimama, kainamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mama wa maandazi anayekaaga mlangoni, hajui since wala for, hajalipa ada, hayumo kwenye daftari la mahudhurio, katua ndoo yake chini, kavuta kanga kichwani, KASIMAMA. Yeye alijua ni msiba wa kweli. Wakati natoka akanipa pole na andazi la bure.

Na nimelipa mwezi mzima mbele!

Halafu hicho Kiingereza chenyewe nakitafutia nini? Mimi nauza mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Mnunuzi wangu Mchina anakuja pale mwaloni Kirumba anasema "yesterday you bring, today I pay", na kweli analipa, pesa mkononi. Hakuna aliyemsimamishia darasa yule. Sangara akitolewa bondo anaulizwa ni past perfect au past continuous?

Yaani mama wa maandazi. Katua ndoo. Jamani.

Konda wa Buhongwa

Pole na msiba mkuu. Naomba ratiba ya mazishi, au bado mnasubiri amalize?

Jiwe Juu ya Jiwe

Tangu 1998 anakata roho 😂😂 huyo babu mbishi. Wasukuma hatuondoki kirahisi.

Binti Pasiansi

Hapo kwa mama wa maandazi nimemwaga chai kitandani. Andazi lilikuwa la moto au la jana?

MabondoSafi

La jana. Usinibadilishie mada.

Mchembe Mkavu

Hii chai. Uzi bila picha ya babu hauna mashiko.

Mzee wa Sarufi

Mleta uzi, acha hasira nikueleweshe bure, wengine wanalipia. Ile have been na -ing ni ya jambo lililoanza zamani na hadi sasa linaendelea. Kuishi Mwanza kunaendelea. Kuuza samaki kunaendelea. Kufa hakuendelei, ni tukio, likishatokea limetokea. Ulitakiwa useme "My grandfather died in 1998", basi, past simple, mwaka umetajwa na umeshapita. Au kama unaipenda sana hiyo since yako: "My grandfather has been dead since 1998", maana huko kuwa marehemu ndiko kunakoendelea. Kwa Kiswahili unaweza kusema babu amefariki tangu 1998 na hakuna atakayesimama, ndipo mnapojikwaa wengi.

Lakini na mwalimu naye asijifiche. Hiyo kanuni aliyoandika ubaoni ni nusu. Kuna vitenzi havitaki -ing hata uvibembeleze. Know, kwa mfano. Huwezi kusema "I have been knowing him since 2015". Ni "I have known him". Be yenyewe, have ya kumiliki, own, believe, vyote hivyo. Angewaambia hayo kabla ya kumwita mtu mbele.

MabondoSafi

MMEONA??? Katoa nusu ya kanuni, kanipa msiba mzima!

Jiwe Juu ya Jiwe

Mzee wa Sarufi umeandika vizuri ila sijasoma.

Mstaafu wa Magu

Vijana mmekuwa laini mno. Mwalimu huyo namfahamu, hana mfano Kanda ya Ziwa. Sisi enzi zetu ukiongea Kiswahili shuleni unavikwa kibao shingoni, unashinda nacho mpaka umkamate mwenzako naye kateleza, ndipo unamvisha yeye. Ukikosea tense ni fimbo mbele ya bendera. Wewe umekosea ukaombewa dua, unalalamika nini?

Binti Pasiansi

Mzee shikamoo, lakini hilo nalo ni la kujivunia?

Mstaafu wa Magu

Marahaba. Ndiyo.

Siti ya Nyuma

Nimeingia hapa kwa bahati tu na nimekuta tukio ambalo nilikuwepo. Naomba nirekebishe. Kwanza haikufika dakika, mwalimu mwenyewe alicheka katikati. Pili mleta uzi amewaficha jambo: darasa liliposimama na yeye aliinamisha kichwa. Mikono kaifunga mbele kabisa. Na mwalimu aliposema "amina" ni yeye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Konda wa Buhongwa

ALISEMA AMINA 😂😂😂 nashuka hapahapa.

MabondoSafi

Mlitaka nifanyeje? Ni babu yangu!! Watu wote wamesimama kwa ajili ya babu yangu halafu mimi niangalie dirishani? Wewe Siti ya Nyuma nakujua, ni wewe uliyeandika "I goed to Sengerema" ukaachwa hivihivi, hakuna aliyekusimamia.

Siti ya Nyuma

Kuhusu goed nasimama na msimamo wangu. Walk walked, cook cooked, wash washed, ukifika go ghafla went. Hiyo w imetokea wapi?

Mchembe Mkavu

Afadhali went, unajua moja kwa moja ni kitu kingine. Mimi read ilinitoa shule. Read, read, read, zote zimeandikwa sawasawa, ya kwanza unasema "riid" mbili za mwisho unasema "red". Nani alikubali hili jambo lipite?

Dereva Nyegezi

Put put put. Cut cut cut. Hizo ndizo tense za wananchi. Ukikumbuka moja umemaliza zote.

Binti Pasiansi

Mimi nilichapwa fimbo kidato cha pili kwa ajili ya hung na hanged. Kumbe picha ukutani ni hung, mtu akinyongwa ni hanged. Niliandika picha ya baba yangu ukutani imenyongwa. Mwalimu hakusimamisha darasa, alisimamisha mimi. Kwa hiyo mleta uzi foleni ya kulalamika ipo na hauko wa kwanza.

Mzee wa Sarufi

Tatizo la msingi ni kwamba shule za msingi za serikali mtoto anasoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote saba, sayansi, hisabati, uraia, Kiingereza ni somo moja tu la kukariri. Januari anaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, Kiswahili chenyewe kinabaki. Jana usanisinuru, leo photosynthesis. Huyo mtoto anatafuta maana ya swali, muda wa kutafuta tense ataupata wapi? Anajaza nafasi zilizoachwa wazi kwa kubahatisha, ed hapa, ing pale, anaomba Mungu. Ndiyo hawa mnaowaona ukubwani wanapanda mawe jioni kwenda kutunga sentensi za marehemu.

Jiwe Juu ya Jiwe

Hii sasa nimesoma. Ya kweli.

MabondoSafi

Sentensi za marehemu ndiyo nini? Tuheshimiane.

Dereva Nyegezi

Halafu huyo Mchina wa mabondo msimcheke, Kichina vitenzi havibadiliki. Kwenda ni kwenda, iwe jana iwe kesho, wanaongeza tu neno la kuonyesha siku au kwamba jambo limekwisha. Watu bilioni na ushee wanaishi hivyo na biashara zinaenda.

Konda wa Buhongwa

Kwa hiyo tuhamie Kichina, nani anafundisha? Isiwe juu ya mawe tu.

Mama Igoma

Nyie mnalilia since na for. Mimi leo nimeuziwa dagaa wa mchanga. Sado nzima! Nimeosha maji matatu, ya nne, ya tano, bado ukitafuna meno yanalia. Mume wangu kaweka kijiko chini kaniangalia tu. Na huyo muuzaji namjua na nyie mnamjua, yule wa pale stendi mwenye maneno matamu, "mama hawa ni wa kwenye kichanja". Kichanja kipi? Wameanikwa ufukweni na wakafagiliwa na ufagio!

Binti Pasiansi

Wewe dada huyo muuzaji hata mimi kaniweza! Juu anapanga wazuri wanaong'aa, mkono wake ukizama chini anakuchotea wa kuku.

Mchembe Mkavu

Wa mchanga ni wa chakula cha kuku, kila mtu anajua. Ukiona bei imeshuka ujue unanunua na ufukwe.

MabondoSafi

Jamani turudi kwenye mada. Darasa LILISIMAMA.

Mama Igoma

Kaka tumesikia, babu apumzike. Tunaongea vitu vya kula hapa.

Mstaafu wa Magu

Dagaa wazuri ni wa Ukerewe, waliokaushwa kwenye vichanja au juu ya mwamba safi. Rangi ya fedha, ukimvunja anasema "pwa". Hao wengine mnakula mazoea.

Mwana Ujiji

Samahani nimepita nikasikia neno dagaa. Dagaa ni wa Kigoma. Hivyo vyenu vya Victoria ni vijiti vya kuchokolea meno.

Dereva Nyegezi

Ondoka.

Jiwe Juu ya Jiwe

Huyu kaingiaje? Mods mko wapi?

Mwana Ujiji

Kaanga wa Kigoma kwa mawese, weka kitunguu, halafu uje uniambie. Wa kwenu mpaka uweke karanga, nyanya, pilipili hoho na maombi.

Mama Igoma

Wa Kigoma bei yake nikinunua sado natuma watoto kulala mapema. Mzuri ni yule ninayemmudu. Shida yangu ni mchanga tu!

Siti ya Nyuma

Mama Igoma usioshe kwa kukoroga. Mimina maji ya uvuguvugu, acha watulie, mchanga utazama, kisha waokote kwa juu kwa mkono, usimwage bakuli lote. Ukimwaga mchanga unarudi tena juu yao.

Mama Igoma

Asante mwanangu. Wewe na goed yako una akili.

Mwaloni Jumla

Wadau, mwezi unaelekea kuwa mpevu. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza ili taa ziwavute dagaa, mbalamwezi ikiwaka dagaa wanatawanyika na mitumbwi inarudi na kidogo. Bei itapanda siku si nyingi. Nina mzigo wa Ukerewe, wa kichanja, njoo uvunje mmoja mwenyewe utafune ndipo utoe hela. Nicheki PM kabla hawajaisha.

Binti Pasiansi

Mnaleta mpaka Pasiansi?

Mwaloni Jumla

Tunaleta. Hela ya boda juu yako.

Mwana Ujiji

Na Kigoma mnaleta? Nina kuku.