Fundi wa magari jeshini, nastaafu mwakani: uraiani naanzia wapi?

FundiDizeli, Morogoro

Habari za jioni wakuu. Mimi ni Staff Sajenti, fundi magari JWTZ, na mwakani muda wangu unaisha. Tangu nitoke depo maisha yangu yamekuwa karakana: injini za dizeli, breki za upepo, gia boksi, na miaka ya karibuni nasimamia vijana. Nimehudumu pia Darfur, Sudan, chini ya UNAMID (ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika), karakana ya kikosi chetu pale Khor Abeche.

Kila ninayemgusia habari ya kustaafu ananijibu vilevile: "Si utapata kazi ya ulinzi." Siidharau kazi hiyo, wenzangu wengi wanasomesha watoto kwayo. Lakini mimi ni fundi. Lori likipita barabarani najua kwa mlio tu kama nozeli zake zimechoka.

Tatizo langu ni karatasi. Nina kidato cha nne, mengine yote nimeyasomea jeshini na vyeti vya kozi ni vya jeshi. Nilipeleka maombi kwenye kampuni moja ya usafirishaji Dar, mapokezi wakaniuliza cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au diploma. Sina, ikawa basi, sikufika hata kwa mtu wa karakana. Nyumbani nako mama watoto anaona kiinua mgongo kikitoka tununue Coaster.

Waliotangulia mlifanyaje? Na CV ya mtu aliyekaa jeshini ujana wake wote inaandikwaje?

Kijiwe_Msamvu

Mkuu, kwa nini uombe kazi? Fungua gereji yako hapo Msamvu, magari hayaishi. Jina la mjeda peke yake linaleta wateja, watu wanajua hamuibi vipuri.

Mteule_Mstaafu, Mbeya

Staff, pole na majukumu. Nilistaafu nikiwa Afisa Mteule Daraja la Pili, fundi kama wewe. Sasa nasimamia karakana ya kampuni ya malori yanayovuka Tunduma kwenda Lusaka na Lubumbashi. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Darfur umeitaja kwa mstari mmoja, wakati hapo ndipo penye mali yako. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa unawakumbuka? Niwaeleze na wengine wanaosoma. Nchi ikipeleka kikosi na magari yake, na ikakubali kuyatunza yenyewe, Umoja wa Mataifa unairudishia fedha kwa magari yaliyo mazima. Wakaguzi wanapita na orodha: gari liwashwe, lisogezwe, breki, taa, redio. Kwa kila aina ya gari, asilimia 90 ya idadi iliyokubaliwa lazima iwe inafanya kazi. Mkataba ukisema magari ya deraya 20, basi 18 yawe tayari, pungufu ya hapo malipo ya nchi yanakatwa. Na hiyo ni kwenye vumbi la kule, chujio la hewa ulilosafisha asubuhi linarudi na doria limekuwa zito kama tofali, na kipuri ulichoagiza bado kiko njiani kutoka Port Sudan.

Sasa mwenye malori anataka hichohicho. Kila Jumatatu bosi wangu ananiuliza: mangapi yako barabarani, mangapi yamelala karakana, yaliyolala yamelala kwa nini. Lori likilala, mzigo umelala, dereva analipwa posho bure na mteja anapiga simu. Kwenye usaili sikuongelea kwata wala utiifu. Nilimweleza mzee yule jinsi tulivyokuwa tunapanga matengenezo ili magari ya aina moja yasiingie karakana kwa mpigo, na jinsi tulivyoandika kila kipuri kinachovuliwa gari moja kuvalishwa jingine. Hapo kwenye kuandika ndipo alipokaa vizuri kwenye kiti. Kwake vipuri vilikuwa vinahama bila mtu kujua, na gari linalovuliwa leo kidogo kesho kidogo linaishia kuwa mzoga.

Cheti. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, watu wanauita urasimishaji. Wanakupima kwa vitendo na kwa maswali, palipopungua unaongezewa mafunzo, kisha unapewa cheti chao. Wewe uko Morogoro, VETA Kihonda ni hapo mlangoni kwako. Nenda ukaulize lini wanapima fani ya magari. Usisubiri ustaafu kwanza.

Kwenye vitendo hutatoka jasho. Kitakachokupa kazi ni umeme wa injini za sasa. Jeshini tumezoea pampu ya dizeli unayoifungua kwa spana na kuiona kwa macho. Scania na Howo za leo zina sensa kila kona, na ukikisia bila kupima kwa kompyuta utabadilisha vitu vizima na ugonjwa utabaki palepale. Kijana aliyetoka chuo juzi anakuzidi hapo. Kaa naye, muulize bila kuona haya. Wewe utamfundisha kusikiliza bearing na kukagua breki, maana hilo wengi hawalijui.

Nikwambie kuhusu breki, kwa sababu hapa ndipo jeshi linapoonekana. Barabara yetu ina mlima Kitonga, na huku Mbeya tuna mteremko wa Iwambi ambao umeshaua watu wengi. Karakana niliikuta na mtindo wa dereva kusema "breki ziko sawa" na fundi kutia saini. Nikaufuta. Lori halitoki getini mpaka fundi ameingia chini, mwenzake amekanyaga breki, na fimbo ya kila busta (kile chombo ambacho upepo unakisukuma ili breki ishike) imepimwa kwa rula, gurudumu kwa gurudumu. Vipimo vinaandikwa kwenye kadi ya gari, si "sawa" wala tiki. Kama upande mmoja fimbo inatoka ndefu kuliko mwingine, linarudi ndani hata kama mzigo umechelewa. Madereva walininunia. Siku moja tela moja likaonekana busta mbili za nyuma hazisukumi kabisa, na lilikuwa limepakiwa mbolea tayari kuondoka. Dereva mwenyewe aliinama akaona. Tangu hapo yeye ndiye anayewaambia wenzake waite fundi.

Ndugu yangu wa Msamvu hapo juu, gereji si mbaya, ila usimpeleke Staff huko na kiinua mgongo chote mkononi. Kutengeneza gari anajua. Kukopesha wateja, kulipa kodi ya kiwanja, kukaa wiki mbili bila gari la maana, hayo jeshini hayafundishwi. Afanye kazi kwa mtu kwanza, ajue bei ya vitu. Sisi kule kipuri tulikiandikia fomu kikaja, hatukujua kimenunuliwa shilingi ngapi. Uraiani hilo ndilo swali la kwanza. Na Coaster, Staff, mweleze shemeji kwa upole: gari la biashara bila dereva unayemwamini linakula pensheni.

Mwisho, vijana wa uraiani huwezi kuwaamrisha. Ukimfokea fundi mzuri leo, kesho yuko gereji ya jirani. Eleza sababu ya kila agizo, na ukieleza watakufuata.

Dada_Ajira, Dar

Afande FundiDizeli, mimi ni afisa rasilimali watu kwenye kampuni ya usambazaji, na CV za wastaafu wa jeshi napokea. Nasikitika nikizisoma kwa sababu naona kuna mtu mwenye uwezo nyuma ya ile karatasi, ila karatasi haimsemei. Inaanza na "mzalendo, mwaminifu, mtiifu, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu", kisha vyeo na miaka ya kupandishwa. Sijui Staff Sajenti anafanya nini kutwa nzima. Nikimwita mkuu wa karakana asome, naye hajui.

Andika kazi. Mfano: "Nimesimamia mafundi 12 na matengenezo ya magari 45, mazito na mepesi. Nimefanya ovahoo za injini za dizeli na kurekebisha mifumo ya breki za upepo. Nilihakikisha asilimia 90 ya magari yako tayari wakati wa ukaguzi wa Umoja wa Mataifa." Weka idadi zako za kweli, hiyo ni mifano tu. Taja aina za magari ambazo na raia anazijua. Cheo kikae mstari mmoja.

Na tafadhali usiandike namba ya kikosi, silaha, wala mambo ya ulinzi wa kambi. Nimewahi kupokea CV yenye hayo yote. Nikaifunga nikampigia mhusika aniletee nyingine.

Mkenya_Gilgil

Staff, salamu kutoka Kenya. Nilikuwa KDF, jeshi letu la Kenya, upande wa uhandisi, nikiendesha greda na buldoza. Huku kwetu kinachofungua mlango ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, Gredi ya 3 hadi ya 1. Nilipotoka niliufanya hata kabla ya kuandika barua moja ya kazi, na kontrakta wa barabara aliyenichukua aliuliza hiyo karatasi kwanza, halafu akanipa greda nimwonyeshe. Kwa hivyo nakubaliana na Mteule hapo juu: cheti cha raia kwanza. Halafu usione aibu kuanza chini ya kijana. Msimamizi wangu wa kwanza tungeweza kuwa baba na mwana, na alinifundisha kusoma michoro ya barabara vizuri sana.

FundiDizeli, Morogoro

Nimesoma yote, na shemeji yenu nimemsomea kwa sauti. Asanteni kutoka moyoni. Kesho kutwa niko zamu ya mapumziko, naenda Kihonda. Swali moja kwa Mteule: hizo idadi za magari na mafundi nitazithibitishaje? Mwajiri akisema nimezitunga?

Mteule_Mstaafu, Mbeya

Swali zuri. Mwone afisa wako wa karakana sasa hivi, ukiwa bado umevaa kombati. Mwombe barua ya utambulisho wa kazi: aina za magari, idadi ya mafundi uliowasimamia, kozi ulizopita na mwaka wa kila moja. Mambo ya siri yasiwemo, na aipitishe kwa ngazi zinazohusika kabla hajatia saini. Akihamishwa kituo au ukishakabidhi vifaa na kutoka getini, kuipata barua hiyo ni safari ndefu. Omba nakala mbili zenye mhuri. Halafu nitumie ujumbe ukishapimwa VETA, hapa kwetu tunatafuta msimamizi wa zamu ya usiku.