Kusomea kazi ya kutunza wazee: nianzie wapi?

Shikamooni wakubwa,

Niko Tabata, nina miaka 24. Nilimaliza kidato cha sita, sasa nauza vitenge na mama Kariakoo. Bibi alipopooza nilimuuguza mimi mpaka alipofariki, na tangu hapo moyo wangu uko kwenye kazi hiyo. Kuna wakala anataka milioni tatu anipeleke Uingereza kutunza wazee, anasema viza inatoka ndani ya mwezi. Mama yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Chanika. Naombeni ushauri.

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa bibi.

Mwambie mama asiuze kiwanja. Uingereza ilifunga mlango huo tarehe 22 Julai 2025; waajiri hawaruhusiwi tena kuchukua watunzaji wapya kutoka nje ya nchi. Huyo wakala anauza kitu ambacho hakipo. Mimi mwenyewe niliwahi kuliwa laki nane namna hiyohiyo, na sikuziona tena.

Nilipita Ujerumani, ndiko ninakofanya kazi mpaka leo (sasa niko likizo kwa mama, Kigamboni). Kule hununui kozi. Unasaini mkataba wa mafunzo na hospitali au makazi ya wazee, unasoma miaka 3 huku unalipwa. Tangu 2020 uuguzi wa watoto, wagonjwa na wazee umeunganishwa kuwa fani moja: saa 2,100 za darasani na 2,500 za kazini. Waajiri wanaofuata viwango vya serikali wanalipa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi mwaka wa kwanza, kabla ya makato. Kodi ya chumba na chakula vinatoka humohumo, kwa hiyo usiahidi watu fedha mapema.

Kitakachokutoa jasho ni Kijerumani. Waajiri wengi wanataka B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za kujua lugha, na hiyo si ya miezi mitatu. Anza sasa, Goethe-Institut, kituo kinachofundisha Kijerumani, ipo hapahapa Upanga. Usione ni cheti cha viza tu. Kulikuwa na mzee mmoja, kumbukumbu zimemtoka, kila nikitaka kumwogesha ananipiga. Mkufunzi wangu akaniambia: simama mbele yake aone uso wako, mwambie unataka kufanya nini, kisha mpe kitambaa ajipanguse uso mwenyewe kwanza. Nikapima maji kwa kifundo cha mkono, nikamfunika taulo kila sehemu ambayo sijaifikia. Akajipangusa polepole, akaniuliza kama nimekula. Bila lugha nisingemwelewa, wala nisingeweza kumjibu.

Moyo unao, hilo nimeliona. Lakini nikuulize: bibi ulikuwa unamgeuza kila baada ya muda gani? Visigino vyake ulikuwa unavikagua? Mgonjwa asiyejigeuza huanza kuoza pale mfupa unapokandamiza ngozi, kisiginoni na juu ya makalio, na mwanzoni ni wekundu tu. Hayo ndiyo tunayoyasomea.

Kabla ya kulipia chochote, nenda Nunge, kwenye makazi ya wazee ya serikali huku Kigamboni. Muulize ofisa ustawi wa jamii utaratibu wa kujitolea. Fanya hata wiki chache, ubadilishe mashuka, ulishe mtu anayekula kijiko kimoja kwa dakika tano. Ukitoka hapo bado unaitaka kazi, niandikie tuangalie vyeti vyako.

*

Asante sana dada. Nimemsomea mama yote, kiwanja hakiuzwi.

Kuhusu visigino: hapana, sikuvikagua. Bibi alikuwa na kidonda kisigino cha kushoto. Tulidhani ni ukavu, tukawa tunampaka mafuta ya nazi.

Jumatatu navuka na pantoni kwenda Nunge.