Wakuu, wakala anataka nilipe laki nne niwe modo. Nitoe?

Binti wa Igoma

Habari za jioni wakuu. Nina miaka 21, naishi Igoma hapa Mwanza, namsaidia mama kuuza mitumba Mlango Mmoja. Urefu wangu ni sentimita 176 na utani wa twiga nimeshausikia wote tangu shule ya msingi, msijisumbue.

Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye kamera alinikuta namjaribishia mteja koti, akaomba anipige picha. Jumapili tukaenda Capri Point, tukapiga jua likizama, Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yangu. Picha kali, siongopi. Akazitupia mtandaoni, na tangu hapo nimefuatwa na watu wawili.

Wa kwanza anasema yeye ni wakala wa wanamitindo Dar. Nitume 400,000 ya "usajili na albamu", halafu mwezi ujao niende Dubai, pasipoti atakaa nayo yeye. Wa pili ni mchoraji, anafundisha vijana watano kuchora huko Bwiru. Anataka nikae wanichore kwa muda wa saa mbili, anilipe 15,000. Kaka yangu anasema huyo wa pili ndiye mhuni, eti nani akulipe hela ukae tu? Mama hajui lolote. Nifanyeje?

Sangara Mbichi

Laki nne unaenda kupigwa mchana kweupe. Mwambie aikate kwenye malipo yako ya kwanza ya huko Dubai, uone kama atakujibu.

Cherehani Nne

Mdogo wangu, nilipita majukwaa ya Dar miaka sita kabla sijarudi Pasiansi kushona. Wakala wa kweli anakula kwenye ulichoingiza, mara nyingi asilimia 20 hivi. Usipopata kazi, naye hali. Anayetaka hela kabla ya kazi, kazi yake ni wewe. Na pasipoti hakai nayo mtu mwingine hata awe nani.

Picha za kuanzia hazina gharama. Simama kwenye ukuta mweupe mchana, nguo ya kubana isiyo na maua, uso mtupu, nywele zibane nyuma. Piga mbele, ubavuni na mgongoni. Simu ya jirani inatosha. Ongeza urefu, kifua, kiuno, nyonga na namba ya kiatu, na usidanganye, maana nguo zinakuja kwa namba ulizotuma. Mimi niliwahi kujipunguza kiuno sentimita nne kwenye karatasi. Zipu ikaachia nyuma ya pazia zamu yangu ikiwa imefika, nikapita na pini saba mgongoni huku nimebana pumzi.

Halafu huyo wa kamera, nani alimruhusu kuzitupia? Mwandikishane picha zitumike wapi, kwa muda gani, na akiziuza upate nini. La sivyo utajikuta kwenye bango la saluni Buzuruga na hujalipwa hata mia.

Mzee wa Kamanga

Mabinti wa siku hizi mnatafuta njia za mkato. Umodo ni kutembea uchi. Rudi ukauze mitumba na mama yako.

Cherehani Nne

Shikamoo mzee. Mwanamitindo Flaviana Matata ni mzaliwa wa Shinyanga hapo jirani, mama yake alifia kwenye meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996. Amesomea ufundi umeme. Mwaka 2007 alikwenda Mexico na kipara chake kwenye Miss Universe, akaingia kumi bora. Hiyo ndiyo njia ya mkato?

Mzee wa Kamanga

Marahaba. Kwa hilo la MV Bukoba sina neno. Ila avae.

Rangi ya Mafuta

Kaka yako hajawahi kukaa dakika 20 bila kutikisika. Wachoraji wanaanza na mapozi ya dakika moja moja ya kulainisha mkono, kisha linakuja refu. Ukipumzika wanachora chaki kuzunguka nyayo zako ili urudi palepale. Cha kuvaa mnakubaliana kabla hujaingia: ukisema kitenge, ni kitenge. Simu zizimwe. Mara ya kwanza nenda na mtu, na hela upokee siku hiyohiyo. Na mama mwambie, asije akakuona ukutani kwa watu.

Binti wa Igoma

Mrejesho wakuu. Yule wa Dar nilimwambia aikate kwenye malipo ya Dubai. Akanitumia sauti ya matusi, kisha akaniblok.

Bwiru nimekwenda. Mama aliguna, akanipa kitenge chake kizuri. Pozi refu lilikuwa la kuegemea kiti. Dakika ya nane mguu wa kushoto ukafa ganzi, kidogo baadaye mbu akatua puani, nikamwacha anywe. Hela nimepewa mkononi. Kaka alinisindikiza kunilinda, akasinzia kwenye benchi mdomo wazi, na vijana waliomaliza mapema wakamchora. Sasa anadai elfu kumi na tano zake.